Sekunde Kumi na Nne

"Nguo zake zisikauke kamba moja na za binti zangu. Nimeshasema, sirudii."

Msemaji alikuwa fundi cherehani wa mlango wa tatu, na hadi Kurunzi anasukuma geti la ua ule, ugomvi ulikuwa umeshapamba moto. Kamba ya kuanikia ilikuwa nusu tupu. Fulana nne za mazoezi, suruali mbili na taulo, vyote vikichuruzika maji, vilikuwa vimerundikwa kwenye beseni, na kando ya beseni alisimama mama mzazi wa Kocha, mikono kiunoni, vibanio vya nguo vimeng'ang'ania upindo wa gauni lake kama nishani.

"Kamba hii niliifunga mimi," mama alijibu. "Niliifunga mwaka ule ulipohamia hapa na godoro moja na mdomo."

Wa mlango wa nne walicheka. Wa mlango wa tano walikuwa wameshatoa viti nje, wamekaa kabisa, maana jambo lenyewe lilionyesha dalili za kuchukua muda.

"Na ndiyo maana wewe nakuheshimu, dada," fundi alisema. "Mwanao ndiye simtaki. Nimeona kwa macho yangu alichofanya."

Hapo hakuwa akidanganya. Ua mzima ulikuwa umeona, na fundi ndiye aliyeituma video ile kwenye kundi la wapangaji mara tatu, mara ya tatu akiisindikiza na vikaragosi vya kulia. Ilikuwa video ya sekunde kumi na nne. Binti mmoja amesimama jimu mbele ya simu yake, vyuma vidogo mikononi, anachuchumaa na kuinuka. Anachuchumaa tena. Ghafla Kocha anaingia kutoka pembeni kama aliyefukuzwa na nyuki, anamsukuma binti kwa viganja viwili, binti anaruka nje ya picha, simu inaanguka, basi. Juu yake pameandikwa: Hivi ndivyo tunavyofanyiwa jimu. Chini yake, wimbo wa huzuni.

Kwa siku nne watu laki tatu walikuwa wameitazama, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Kuna waliotaka Kocha afungwe. Kuna waliosema binti kayataka mwenyewe, nani kamwambia ajirekodi kwenye mazoezi ya watu. Wengine walimwacha Kocha, wakamwacha na binti, wakashikana mashati kuhusu kama simu zipigwe marufuku jimu, kama benchi lifutwe kabla au baada, na kama fulana isiyo na mikono ni nguo. Bwana mmoja aliandika maoni arobaini kuhusu jasho peke yake.

Mwenye jimu hakuwa na uvumilivu huo. Alimsimamisha Kocha kazi siku ileile, na sasa aliita mkutano wa wanachama saa kumi alasiri ya leo. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari imechapwa. Baada ya hapo, kwa jina lile na sura ile, hakuna jimu nyingine ambayo ingemfungulia Kocha hata mlango wa choo.

Ndiyo sababu Kurunzi alikuwa pale. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mnene wa wastani, viatu vya raba, mkoba mkubwa usio na kitu cha kupendeza ndani yake. Miaka ishirini aliitumikia kampuni ya bima, akichunguza magari yaliyodaiwa kujichoma yenyewe na maduka yaliyojiibia. Jina la Kurunzi walimpa wenzake kwa tabia yake ya kupenda kuchungulia chini ya vitu. Sasa alifanya kazi peke yake, na mama yake Kocha alikuwa amekaa naye dawati moja shuleni. Jana alimpigia simu, akalia tu, na Kurunzi akamwambia atakuja asubuhi.

Alilipita beseni, akamsalimu mwenzake, kisha akafanya kitu ambacho ua mzima haukukitarajia. Alikwenda kwa fundi.

"Dada, simu yako ina kioo kikubwa kuliko zote humu. Nionyeshe hiyo video."

Fundi alimtazama kwa mashaka, lakini hakuna binadamu mwenye habari mkononi anayeweza kukataa kuionyesha. Alitoa simu. Kurunzi akaketi kwenye kibaraza na kuitazama video mara saba. Mara ya kwanza alimtazama binti. Mara ya pili Kocha. Mara ya tatu aliitazama miguu yao tu. Kisha akaisimamisha, akafunika katikati ya kioo kwa kidole gumba, wote wawili wakatoweka chini ya ukucha wake, na akaanza kutazama kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa sakafu nyeusi, kipande cha ukuta, na dirisha. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na chupa ya maji. Mbele ya chupa kulikuwa na kitu chembamba cheusi, kimeegemezwa wima. Pembeni yake, taulo la njano.

"Wewe ni fundi," Kurunzi alisema. "Hili taulo unalionaje?"

Fundi aliivuta picha kwa vidole viwili, akasahau kwamba alikuwa na hasira. "Hili si taulo la dukani. Limekatwa kutoka taulo kubwa la kuogea. Ona, pindo lipo upande huu tu, huku nyuzi zinaning'inia." Akavuta zaidi. "Na hapa kajaribu kulipinda mwenyewe kwa sindano, kaishia njiani. Mwanamume huyo. Tena mtu mzima. Kijana angenunua jipya."

Kurunzi alitoa daftari, akaandika. Akamshukuru kwa heshima zote, na fundi akabaki akijiuliza kama amefanya jambo la maana au ameuzwa.

Kocha alikuwa chumbani, amekaa kitandani, mwili mkubwa umejikunja kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Siku nne hakutoka nje. Mama yake alisema anakula nusu sahani, jambo ambalo kwa mtu wa kifua kile lilikuwa ugonjwa. Kurunzi alimtaka aeleze yote kuanzia mwanzo, asiruke.

Alieleza. Alikuwa ubaoni, akiandika ratiba ya darasa la jioni. Alisikia mkwaruzo wa chuma. Aligeuka, akaona chuma kirefu, kile kinacholala juu ya stendi na kuvishwa sahani nzito za chuma huku na huku, upande mmoja kimeanza kuinuka. Upande wa pili, ule wenye uzito, ulikuwa juu ya mgongo wa yule binti. Alikimbia, akamsukuma. Chuma kikaanguka.

"Kwa nini hukupiga kelele kwanza?"

"Alikuwa na hedifoni, mama mdogo."

"Chuma kinaangukaje chenyewe?"

"Hakianguki chenyewe. Ndivyo walivyonicheka mtandaoni, wakaniuliza kama chuma kina miguu." Alijifuta uso. "Ukimaliza unatoa sahani moja kulia, moja kushoto, zamu kwa zamu. Ukitoa upande mmoja zote, wa pili unabaki mzito. Kinakaa hapo kwa bahati tu. Mtu akikigusa kidogo, kinalala. Binti alirudi nyuma hatua moja, nadhani alikigusa kwa nyonga."

"Basi aliyekiacha hivyo ni mgeni, hajui."

Kocha akatikisa kichwa. "Mgeni anaogopa, anauliza. Anayefanya hivyo ni mzoefu aliyekatizwa katikati."

Kurunzi aliandika sentensi hiyo neno kwa neno na kuipigia mstari.

Jimu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vigae, na unapopanda ngazi unaisikia kabla ya kuiona. Ukuta wa kuingilia ulikuwa umejaa matangazo ya mkono kwenye vipande vya boksi, mwandiko mzuri wa kupinda, mwandiko wa mtu aliyezoea ubao. FUTA JASHO LAKO, SI URITHI. KIOO SI MCHUMBA. Na kubwa kuliko yote: USIJIREKODI. HAPA NI MAZOEZI, SI SINEMA.

Mwenye jimu, bwana mpana asiye na shingo, hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu. Alieleza kwamba kamera yake ya ukutani inatazama mlango tu. Alikubali kwamba chuma kilianguka, alikikuta chini yeye mwenyewe, na alimwonyesha Kurunzi mpira wa sakafuni ulipochanika, jeraha jipya lenye urefu wa kiganja.

"Tatizo langu, mama, si kwamba kilianguka. Ni kipi kilitangulia. Kocha anasema chuma kwanza, yeye baadaye. Mimi nasema alivyoingia na vurugu zile ndiye aliyekiangusha. Nani atanithibitishia vingine?"

Kurunzi aliona kwamba swali ni zuri, akamwambia hivyo. Kisha akasimama pale binti alipokuwa amesimama, akaliangalia dirisha. Kutoka kizingitini hadi stendi ya chuma, ambayo simu ya binti iliiacha nje ya picha, palikuwa na hatua tano, na hapakuwa na kitu chochote cha kuziba. Aliuliza kuhusu taulo la njano. Mwenye jimu alisema taulo za jimu ni nyeupe, za watu hazitazami. Aliuliza nani mwingine hujirekodi asubuhi. Mwenye jimu alicheka kwa mara ya kwanza.

"Asubuhi? Hathubutu mtu. Asubuhi ni zamu ya Mzee Tangazo." Akaonyesha ukutani. "Mwalimu mkuu mstaafu. Akiona simu imesimama, anaitisha gwaride. Yule binti peke yake ndiye hamwogopi."

Saa saba Kurunzi alikuwa kwenye duka la dawa ambako binti yule alifanya kazi, amejipanga foleni nyuma ya watu watatu wenye kikohozi. Ukweli usemwe, hadi hapo alikuwa akimshuku. Miaka ishirini ya bima ilimfundisha kwamba anayelia wa kwanza mara nyingi ndiye aliyewasha kiberiti, na video ilikuwa imemletea binti wafuasi elfu sitini. Kama amekata kipande ambacho kingemwokoa Kocha, atakuwa amekifuta.

Hakuwa amekifuta. Alipoulizwa, alifungua simu palepale juu ya kaunta, akatoa ile ya asili, isiyo na wimbo, na kumpa Kurunzi bila hata kuuliza yeye ni nani.

"Sina cha kuficha, mama. Nilisukumwa, nikaumia kiwiko. Nilipoinuka nikakuta chuma chini, nikajua kakiangusha yeye katika ubabe wake."

Kurunzi aliweka simu sikioni. Bila wimbo, mambo yalikuwa mengine. Pumzi za binti. Mtu anahesabu mbali. Kisha, wazi kabisa, mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya chuma. Ndipo viatu vinakimbia. Ndipo kishindo.

"Wimbo wako umefunika kitu," alisema, akamrudishia simu.

Binti alisikiliza. Akasikiliza tena. Rangi ya midomo ikabaki, ya uso ikaondoka. Lakini mkwaruzo peke yake usingetosha, na Kurunzi alijua hivyo. Mwenye jimu angesema jimu nzima ni mikwaruzo. Alimuuliza binti nini kilitokea kabla hajabonyeza kurekodi.

Binti alisema alikuwa amegombezwa. Mzee Tangazo alikuwa kwenye stendi ya nyuma, akamwona anaisimamisha simu, akaacha kila kitu na kumjia na kidole. Alimhubiria dakika tano nzima kuhusu adabu ya mazoezi. Binti akamwambia, babu, umenilipia nini mpaka nikusikilize, akavaa hedifoni zake. Mzee akaondoka amefura, akaenda kukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka kelele zilipoanza.

"Aliacha kila kitu," Kurunzi alirudia.

"Kama alivyo."

"Njoo mkutanoni saa kumi. Uje na hiyo isiyo na wimbo."

Saa tisa kasorobo jimu ilikuwa tupu, isipokuwa mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyepanda juu ya benchi akibandika boksi jipya ukutani. Suruali yake ya mazoezi ilikuwa imepigwa pasi ikasimama mistari. Kurunzi alimshikia utepe wa gundi bila kuombwa. Mzee akamshukuru kwa kumwita binti yangu, jina ambalo Kurunzi hakuwa ameitwa kwa muda mrefu, na halikumchukiza.

Walizungumza habari za matangazo, kisha za magoti. Mzee alisema goti lake la kulia lilikufa miaka miwili iliyopita na jimu ndiyo iliyolifufua. Kurunzi akauliza nani anamwongoza.

"Binti yangu mwenyewe. Anatibu viungo, lakini anafanya kazi mbali, ng'ambo. Juzi amefurahi sana, anasema sasa nachuchumaa barabara, kisigino hakiinuki tena."

"Alikuja kukuona?"

"Hajaja mwaka wa pili huu."

Kurunzi alikata kipande cha gundi, akampa. "Kisigino amekionaje?"

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Gundi ikajikunja, ikajishika yenyewe kwenye vidole vyake. Kurunzi hakuharakisha. Alitazama begi la mzee lililokuwa wazi chini ya benchi, na juu kabisa ndani ya begi, limekunjwa vizuri, taulo la njano, pindo upande mmoja, nyuzi upande wa pili, na mshono wa sindano ulioishia njiani.

"Mwalimu," alisema, "simu yako ilikuwa dirishani."

Mzee alishuka benchini taratibu, akaketi juu yake. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kila asubuhi, kabla watu hawajajaa, aliegemeza simu kwenye chupa na kurekodi goti lake, akamtumia binti yake. Nusu saa nzima simu ilibaki pale. Hakuona kosa, kwa kuwa hakuwa akijirekodi kwa ajili ya kuonekana; lakini pia hakumwambia mtu, kwa kuwa angeeleweka vipi, yeye aliyeandika matangazo kumi na moja? Siku ile alikuwa akitoa sahani kwenye chuma chake. Alikuwa amemaliza kushoto. Akamwona yule binti na simu yake, damu ikamchemka, akaacha. Akamhubiria mpaka akasahau alikotoka. Baada ya fujo alichukua simu na taulo akaondoka, na nyumbani, kwa mazoea, akatuma video bila kuitazama.

"Akakujibu nini?"

Mzee alifungua ujumbe, akaigeuza simu Kurunzi ausome mwenyewe. Uliandikwa hivi: Baba, huyo kijana amemwokoa mtu. Na wewe, nani alikufundisha kutoa chuma upande mmoja?

"Nimefundisha miaka thelathini na sita," alisema mzee. "Nilikuwa nawachapa watoto kwa kunyamaza wakati mwenzao anaadhibiwa kwa kosa lao."

Kurunzi aliangalia saa ya ukutani. "Mwalimu, saa kumi hapa ama ataaibika kijana kwa jambo kubwa na jema, ama utaaibika wewe kwa jambo dogo na baya. Mimi simu yako sitaishika. Utasimama mwenyewe."

Mzee alilikunja taulo lake upya, pembe kwa pembe, ingawa lilikuwa limekunjwa tayari.

Saa kumi jimu haikuwa na pa kukanyaga. Walikuja wanachama wa asubuhi na wa jioni, walikuja wasio wanachama, walikuja wawili kutoka duka la vigae wakidai wamefuata ngazi. Kocha alisimama ukutani na mama yake, ambaye alikuwa amevaa viatu vyake vya sherehe, kwa hoja kwamba kama mwanawe anafukuzwa, atafukuzwa mbele ya mtu aliyevaa vizuri. Mwenye jimu alishika barua, akakohoa, akaanza kusema kuhusu sifa njema ya jimu.

Mzee Tangazo alinyoosha mkono. Aliunyoosha kama watoto darasani, kidole kimoja juu, na watu wakacheka wakidhani analeta tangazo jipya. Hakusema mengi. Alisema ana video, kwamba aliirekodi yeye, humu humu, na atakayeona ajabu aone ajabu kwanza kisha waitazame. Kicheko kikakatika kama kilichozimwa swichi. Mtu fulani nyuma alisema taratibu, kumbe babu naye. Mzee alimsikia, akakubali kwa kichwa.

Waliiweka kwenye televisheni kubwa ya ukutani, ile inayocheza muziki wa mazoezi. Video ilianza na goti la mzee. Kurunzi akamwambia mwenye jimu aipeleke mbele. Mzee anatoa sahani za kushoto. Mzee anageuka, kidole juu, anatoka kwenye picha. Chuma kimebaki, uchi upande mmoja. Binti anaingia, mgongo kwa chuma, anachuchumaa, anainuka, anarudi nyuma hatua moja, nyonga inagusa.

Ukumbi mzima ukaona upande mtupu wa chuma unaanza kuinuka, polepole, bila haraka yoyote. Ukaona upande mzito unashuka juu ya shingo ya mtu anayechuchumaa akisikiliza muziki. Ndipo Kocha akaingia, viganja mbele, na binti akaruka, na sahani mbili za chuma zikatua pale alipokuwa, zikapasua mpira wa sakafu.

Kisha binti mwenyewe akasema, "Rudisheni."

Wakarudisha. Mara ya pili binti aliitazama akiwa ameshika shingo yake kwa mkono. Alipita katikati ya watu hadi mbele ya Kocha, akageuka, akamkumbatia mama yake Kocha badala yake, na mama akamshika kama amemzaa yeye. Hapo ndipo makofi yalipoanza. Yalianza pembe ya wanachama wa asubuhi, yakashika ukumbi wote, watu wakagonga sahani za chuma kwa vyuma vidogo, na duka la vigae chini wakapandisha mtu kuuliza kama jengo ni salama. Kocha walimbeba. Walihitajika saba, na wote saba walikuwa wanafunzi wake, kwa hiyo walimbeba vizuri, mgongo wima, magoti yakikunjwa kama alivyowafundisha.

Mwenye jimu, jasho likimtoka, alitafuta kitu cha kujifutia, akajifuta kwa barua. Alipogundua, aliikunja na kuitia mfukoni, akatangaza kwamba Kocha anarudi kazini leo hii na siku nne alizokaa nyumbani zihesabiwe likizo. Mzee Tangazo alikuwa ameshapanda benchi. Alibandua tangazo lake jipya, akaligeuza nyuma, akaandika kwa mwandiko wake ule ule wa kupinda: TOA CHUMA PANDE ZOTE MBILI. ASIYEELEWA ANIULIZE MIMI.

Binti aliziunganisha video mbili, ya kwake na ya mzee, bila wimbo, akaandika juu yake: Nilikosea. Mtu huyu ndiye sababu naandika. Akaituma palepale kwenye ngazi. Hadi Kurunzi, Kocha na mama yake wanafika kwenye geti la ua wao, jua linaelekea kuzama, ile ya pili ilikuwa imeshaipita ya kwanza mbio. Bwana wa maoni arobaini kuhusu jasho naye alikuwa ameandika kwamba yeye tangu mwanzo alihisi kitu.

Uani kila mlango ulikuwa na simu, na kila simu ilikuwa ikitoa kishindo kilekile cha chuma, kwa zamu, kama saa za ukutani zisizokubaliana. Wa mlango wa tano walimpisha Kocha kiti. Wa mlango wa nne walidai kumjua tangu mdogo, ingawa walihamia mwaka jana. Mlango wa tatu ulikuwa umefungwa.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kamba. Tupu. Akatafuta beseni. Halikuwepo pia. Aligeuka na kuvuta pumzi, na kwa jinsi alivyoshika kiuno, viti viliongezwa nje.

Mlango wa tatu ukafunguka. Fundi alisimama kizingitini, futi ya kupimia shingoni. Nyuma yake, mezani kando ya cherehani, zilikaa fulana nne, suruali mbili na taulo, vimekauka, vimepigwa pasi, vimekunjwa kwa ukubwa mmoja kama vya dukani. Hakumtazama mtu usoni. Alichukua fulana ya juu, akaigeuza ndani nje, akawaonyesha.

"Hii ilikuwa imefumuka kwapani. Nimeishona. Mtu huwezi kukimbilia kuokoa watu na kwapa wazi."

Kocha aliipokea, akaitazama mishono.

"Na hilo taulo la njano," fundi alimwambia Kurunzi, kidogo kwa ukali, "nilisema mwanamume, nikasema mtu mzima. Sikukosea."

"Hukukosea, dada. Nimeandika jina lako kwenye daftari."

Fundi alilitafakari hilo, na lilionekana kumkaa vizuri. Akawatazama wote watatu, akamtazama mama kwa muda mrefu kuliko wengine, kisha akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi. Ndani meza ilikuwa imeandaliwa, sahani saba, binti zake wawili wameshaketi, mvuke unapanda.

"Dada, usisimame hapo na hivyo viatu vya sherehe," alisema. "Ingia na mwanao mle. Yeye nimempakulia sahani mbili. Na wewe, Kurunzi, maswali yaache mlangoni, karibu chakula."